Maji Chini ya Mafuta ya Kijani

Kila asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijagongwa, wanafunzi wa bweni walisimama na mafagio mikononi kulitazama gari la shule likiamka. Kufagia kulikoma kabisa. Hata kiranja wa usafi, ambaye aliweza kuona jani moja lililofichwa nyuma ya choo, wakati huo alikuwa haoni kitu.

Lilikuwa gari refu la Kifaransa, jeupe lililoanza kuchakaa. Mtaalamu mmoja wa mifugo kutoka Ulaya aliiachia shule alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao. Usiku lililala tumbo likikaribia kugusa ardhi. Asubuhi Mzee Wilibrodi, dereva, aliwasha injini, akavuta mpini mdogo pembeni mwa kiti, akasubiri. Kitako kilinyanyuka kwanza, kisha kichwa, polepole na kwa heshima, kama ng'ombe anayeinuka zizini. Watoto wa Karatu, ambao baba zao walilima ngano, walisema ile ni mashine. Watoto waliotoka upande wa Ngorongoro waliwahurumia. Wao ng'ombe walimjua walipomwona.

"Shikamoo, Mzee!"

"Marahaba. Haya, fagieni! Gari si sinema."

Aliyekuwa wa mwisho kurudi kwenye ufagio wake siku zote alikuwa Namelok, msichana wa darasa la sita kutoka Ngorongoro, kiongozi wa kikundi cha ngoma. Namelok alikuwa na akili nyingi, na sehemu kubwa ya akili hizo haikuwa na kazi maalumu. Ndiye aliyewahi kumvisha mbuzi wa mpishi tai ya kiranja mkuu na kumwingiza mstarini. Mbuzi alisimama wima wakati wa wimbo, jambo ambalo viranja wengine walishindwa.

Siku moja alimsogelea Mzee Wilibrodi alipokuwa amefungua boneti.

"Mzee, kwa nini linainuka?"

Mzee alipenda maswali. "Lori la vitunguu la Mang'ola linakaa juu ya springi za chuma, si ndiyo? Hili linakaa juu ya mafuta. Tazama tangi hili. Pampu inayachukua mafuta kutoka chini ya tangi na kuyasukuma kwenye miguu ya gari. Ukilipakia magunia, kitako kinashuka kidogo, halafu lenyewe linaongeza mafuta nyuma na kujinyoosha."

"Na breki?"

"Mafuta hayo hayo. Ndiyo maana ninayatunza kuliko meno yangu. Hapa Karatu hayapatikani. Mpaka Arusha, tena kwa bahati."

Namelok alichungulia. Mafuta yalikuwa ya kijani kibichi, safi, yakimeta. Katika maelezo yote yale marefu, neno lililomkaa kichwani lilikuwa moja tu: mafuta.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa themanini, ambapo rafu za maduka zilikuwa tupu na safi kuliko sahani za bwenini. Mafuta ya kula yalikuwa adimu, na machache ya shule mpishi aliyafungia stoo. Siku ya Wazazi ilikuwa kesho yake, Jumamosi, na kikundi cha ngoma kilikuwa na tatizo. Wavulana wangecheza kama morani, na morani hajipaki udongo mwekundu mkavu. Udongo huo huchanganywa na mafuta ya kondoo ili ung'ae. Kondoo walikuwa nyumbani, mbali, ng'ambo ya lango la Ngorongoro.

"Tutang'aa kwa nini, kwa mate?" aliuliza Kisioki, mrukaji hodari wa kikundi.

"Mafuta yapo," alisema Namelok kwa sauti ya waziri. "Niachieni mimi."

Ijumaa alasiri, shule nzima ilipokuwa uwanjani na Mzee Wilibrodi amekwenda kula, Namelok alishikwa na tumbo. Tumbo hilo lilimpeleka moja kwa moja kwenye gari. Alizamisha kipande cha mpira kwenye tangi, akafyonza, akatema, akafyonza tena, na mafuta ya kijani yakaanza kutiririka ndani ya debe dogo. Rafiki yake Leonida, mtoto wa mkulima wa Qurus, alisimama kando akiangalia njia. Alikuwa amefuatana naye akidhani kweli anaumwa.

"Namelok, acha. Mzee ataona yamepungua."

"Hataona." Namelok alichota maji bombani, akamimina kwenye tangi mpaka kipimo kikarudi mahali pake. "Hujawahi kununua maziwa gulioni wewe? Wale wanaotia maji huwa wanakuambia?"

Alichungulia. Mafuta yaliyobaki yalikuwa yameelea juu ya maji, na tangi lilionekana la kijani kama mwanzo. Hata yeye mwenyewe alistaajabia usafi wa kazi yake. Leonida hakustaajabu. Alimwachia debe lake, akarudi uwanjani peke yake.

Ngoma ilifana. Wavulana waling'aa mpaka wageni wakafumba macho. Ni kweli kwamba walinuka gereji, na kwamba Kisioki alijikuna hadi Jumapili jioni, lakini mgeni rasmi alisifu utamaduni wetu na wazazi wakapiga makofi. Mafuta yaliyobaki Namelok aliyafungia kwenye chupa, akaificha chini ya kitanda.

Jumatatu asubuhi gari lilichelewa kuamka. Lilinguruma, likatetemeka, kitako kikapanda nusu, kikasita, kikapanda tena. Mzee Wilibrodi alikunja uso. Alifungua boneti, akafungua kifuniko cha tangi, akatazama. Akaona kijani. Akafunga.

Namelok alisimama hatua chache kutoka hapo, ufagio mkononi. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno lilifika hadi kwenye ulimi.

"Namelok!" Mzee alimwita kutoka dirishani. "Nakwenda Mbulumbulu kuchukua mahindi ya shule. Ukifaulu hesabu leo, nitakuletea ya kuchoma."

"Asante, Mzee," alijibu Namelok, na neno lile likarudi lilikotoka.

Hesabu alifaulu. Alasiri walikuwa kwenye somo la jiografia, mara Kisioki, aliyetumwa chaki, akarudi mbio bila chaki.

"Mwalimu! Gari limeingia kwenye ukingo wa barabara, pale mteremkoni! Mzee Wilibrodi anatoka damu!"

Darasa zima lilimiminika nje. Kwenye mteremko wa kuingilia shuleni, gari lilikuwa limechomeka pua kwenye ukingo wa udongo. Kitako kilikuwa kimelala chini kabisa, magunia ya mahindi yakichungulia kwenye mlango wa nyuma. Mzee Wilibrodi aliketi kwenye nyasi, amefunga mkono wa kushoto kwa shati lake.

"Lilianza kushuka nyuma nilipotoka Mbulumbulu," alimweleza Mwalimu Clemensi, mwalimu mkuu, huku akihema. "Nikasema ni mzigo. Hapa juu nikakanyaga breki, nikakuta hakuna kitu. Nikaona watoto wa chekechea wanavuka kule chini. Nikalipeleka kwenye udongo."

Watu wote walitazama chini ya mteremko. Watoto wa chekechea walikuwa bado wamesimama pale, wameshikana mikono, wakishangaa.

Namelok aliwahesabu watoto wale kwa macho, mmoja mmoja. Alitaka kurudi nyuma ya wenzake, lakini Mzee alikuwa amekwisha kumwona. Kwa mkono wake mzima alipapasa pembeni, akainua hindi la kuchoma lililofungwa kwenye majani yake.

"Njoo uchukue. Hesabu?"

"Nimefaulu," alinong'ona Namelok.

"Nilijua. Kula, bado la moto."

Alilipokea. Hakulila siku hiyo, na hakuna hindi lililowahi kuwa zito mkononi mwa mtu kama lile.

Magunia yalibebwa na wanafunzi hadi stoo. Mwalimu Clemensi aliyatazama yakipita mbele yake, uso wake ukizidi kukakamaa. Alikuwa mwalimu wa haki, lakini alikuwa ameona watoto wale barabarani, na hofu ilikuwa bado haijamtoka.

"Mzee Wilibrodi, umelipakia gari kupita uwezo wake."

"Mwalimu, ni mzigo ule ule wa siku zote."

"Na matunzo je? Ulikagua mafuta?"

"Asubuhi hii hii. Tangi limejaa."

"Kama tangi limejaa na mzigo ni wa kawaida, breki zimekwenda wapi? Kamati itakaa wiki hii. Nitawaambia ukweli kama nilivyouona. Sitaweza kukupa tena gari linalobeba watoto."

Mzee Wilibrodi hakubishana. Alivua ufunguo kwenye mshipi wake, akautazama kidogo, akampa.

Usipime jioni ile ilivyokuwa kwa Namelok. Bwenini alijilaza akitazama kuta. Aligundua kwamba kitanda ambacho chini yake kuna chupa huwa hakina upande mzuri wa kulalia. Leonida alikuja akaketi miguuni pake.

"Utasema lini?"

"Nikisema watanifukuza."

"Usiposema, anafukuzwa yeye. Mimi mwenyewe nimeshindwa kula. Nilikuona nikanyamaza."

"Nitasema kesho. Baada ya gari kutolewa."

"Kwa nini baada?"

Namelok alijifunika shuka hadi kichwani. Mtu anayeogopa hupenda sana neno "baada".

Kesho yake Mwalimu Clemensi alitangaza kwamba gari litolewe ukingoni na kurudishwa shuleni. Mzee Wilibrodi alikubali kusaidia, ingawa ufunguo haukuwa wake tena. Tatizo lilikuwa moja. Gari lilikuwa limekaa chini mno hata jeki haikuingia chini yake.

"Kwetu ukame ukija," alisema Kisioki, "ng'ombe aliyedhoofika akishindwa kuinuka hatumwachi pale. Tunapitisha miti chini yake, mwingine anashika mkia, tunanyanyua wote pamoja."

"Huyu mkia hana," alisema mtoto mmoja wa Karatu.

"Basi wewe utashika mahali pa mkia."

Mzee Wilibrodi alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Wazo zuri. Leteni miti iliyonyooka na magogo manene. Miti ni ya kunyanyulia, magogo ni ya kushikilia. Hakuna mtu kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na mikono."

Wakaleta. Wavulana na wasichana wa darasa la sita na la saba walijipanga kila upande, miti imepitishwa chini ya kitako. Kisioki aliimba mwito wa kunyanyulia ng'ombe, wote wakaitikia, na kitako kikapanda kidogo. Mzee aliona njia rahisi zaidi.

"Shikilieni hapo hapo! Mwalimu, washa injini, vuta ule mpini hadi juu kabisa. Tulisaidie lijinyanyue lenyewe."

Injini iliunguruma. Gari lilikohoa, likatetemeka, kisha kitako kikapanda polepole hadi miti ikabaki bila uzito. Watoto walishangilia.

"Zima! Sasa pumzikeni, shusheni miti," alisema Mzee. "Likishapanda hivi hukaa juu mpaka jioni. Nipeni gogo."

Na kwa kweli ndivyo lilivyokuwa siku zote. Miaka yote lilikaa juu. Mzee alilala ubavu kwenye vumbi, akalisukuma gogo kwa mkono wake mzima. Gogo lilikwama kwenye jiwe. Akajivuta mbele, bega likaingia chini ya gari, kisha kichwa.

Katika watu wote pale, wawili tu ndio waliojua kilichokuwa ndani ya miguu ya gari lile. Leonida alimgeukia Namelok. Namelok alikuwa amekwisha kukimbia.

"Toka, Mzee! Toka! Halina mafuta! Ni maji! Nimetia maji!"

Alimshika miguu akavuta. Wavulana hawakuelewa neno, lakini sauti waliielewa. Wakaikamata miti tena. Gari lilitoa pumzi ndefu na kuanza kushuka. Miti ililia. Kisioki alitia bega lake, mishipa ikamtoka shingoni. Mzee Wilibrodi alijiviringisha kando, na kofia yake ikabaki.

"Acheni!" alipiga kelele Mwalimu Clemensi. Wakaacha. Gari likakaa chini kwa kishindo.

Hakuna aliyecheka. Mzee aliketi vumbini akiitazama ncha ya kofia yake iliyochungulia chini ya chuma, bapa kama chapati.

"Umesema maji?" aliuliza taratibu.

Namelok alisema yote. Alisema mbele ya darasa la sita na la saba, na mpishi, na walimu. Alianza na ngoma, akaja kwenye mpira na debe, akamaliza na maji. Hakusema kwamba Leonida alikuwepo. Leonida alisema mwenyewe.

"Kwa hiyo Jumatatu nilipofungua tangi..." alianza Mzee.

"Mafuta yalielea juu. Pampu ilichukua maji chini." Machozi yalimtoka. "Nilikuwa nimesimama pale, Mzee. Nilikuona ukifunga. Nikanyamaza. Na hindi nikapokea."

Mwalimu Clemensi alikuwa amefungua mdomo kusema jambo kubwa. Akaufunga. Alitoa ufunguo mfukoni, akamwendea Mzee Wilibrodi mbele ya wote.

"Nisamehe, Mzee. Nilikuhukumu kabla sijauliza vya kutosha."

"Uliona ulichokiona, Mwalimu. Hata mimi niliona kijani," alisema Mzee, na akaupokea ufunguo wake.

Kazi iliyofuata ilikula muda wote wa mapumziko wa Namelok wiki hiyo. Gari liliinuliwa tena kwa miti, safari hii magogo yakitangulia kuwekwa kila lilipopanda kidogo, hadi jeki ikaingia. Mzee alifungua mabomba, akamwaga kila kilichokuwamo kwenye mabeseni ya jikoni. Mafuta yaliachwa yakaelea, na Namelok akapewa kijiko na kitambaa cheupe. Alichota mafuta juu ya maji kama mama yake anavyoengua siagi juu ya mtindi, tone kwa tone, akayachuja, akayachemsha kidogo ili unyevu utoke, akayachuja tena. Chupa ya chini ya kitanda nayo ilitoka ilikofichwa.

"Mimi sikufyonza hata tone," alinung'unika Leonida, mikono ya kijani hadi viwikoni.

"Najua."

"Basi sogeza hilo beseni. Na usinitie maji."

Walicheka, kisha wakaona aibu kucheka, kisha wakacheka tena. Mafuta hayo waliyoyaokoa yalitumika kuosha mabomba. Kopo la mwisho la akiba, lililokuwa ofisini, lilijaza tangi.

Jumamosi iliyofuata mama yake Namelok alifika kutoka Ngorongoro, kwa kuwa Mwalimu Clemensi alimwita. Alisikiliza yote akiwa amesimama, shanga zake zikiwa kimya. Kisha alimwendea Mzee Wilibrodi, akaushika ule mkono uliofungwa, akasema kwa Kiswahili chake cha gulioni, "Baba, pole. Huyu mtoto yangu. Adhabu toa wewe."

Mzee alimgeukia Namelok. Watu walitega masikio.

"Nitakwambia kilichoniuma, mwanangu," alisema. "Kuchukua mafuta ni wizi, na umeulipia kwa kazi. Lakini ungeniachia tangi pungufu, ningeliona asubuhi ile ile. Ningekasirika, ningepiga kelele, gari lingebaki nyumbani na mkono wangu ungekuwa mzima. Wizi wako haukutuangusha. Kilichotuangusha ni maji uliyotia ili usionekane. Kosa lililo wazi mtu anaweza kulikwepa. Kosa lililofunikwa watu wanalikanyaga wakidhani ni ardhi. Ukikosea tena, na utakosea kwa maana wewe ni mtu, liache wazi watu walione. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mzee."

"Na ninyi wengine?"

"Tumeelewa!" waliitikia, hata wale ambao hawakuwa wamemwibia mtu kitu chochote wiki hiyo.

Mwalimu Clemensi alimwondoa Namelok kwenye uongozi wa ngoma hadi mwisho wa muhula, na akampa kazi ya kuliosha gari kila wiki. Namelok hakuona kama ameonewa.

Kisha magunia yalipakiwa kwenye gari kwa majaribio. Kitako kilizama kwa uzito. Watu wakasogea nyuma. Mafuta yakafanya kazi yake, na gari likajinyoosha nyuma taratibu hadi likasimama sawasawa. Mzee Wilibrodi aliingia, akafunga mlango. Mbele yake kulikuwa na mteremko ule ule, na chini yake njia ya watoto wa chekechea. Alimwita Namelok dirishani.

"Kuna jambo lolote kuhusu gari hili ambalo sijaambiwa?"

Namelok alifikiri kwa makini. Alifikiria tangi, mabomba, chupa, mpira, debe. Hakuharakisha, kwa sababu safari hii jibu lake lilikuwa ndilo breki.

"Hakuna, Mzee."

Mzee Wilibrodi aliridhika, akaachia gari literemke.